Re: Legacy ya 2003 haina ule mngurumo wa Subaru, injini mbovu?

Salaam mkuu. Umesema Subaru Legacy yako ya 2003 kutoka Japani inanguruma laini, ila Subaru Impreza ya zamani ya jirani inapiga "bubububu", na ukauliza kama nyota za nembo ya Subaru ni Kilimia. Injini yako haina tatizo.

Injini ya boksa (silinda zimelala pande mbili zikitazamana), Subaru wanayo tangu modeli ya 1000 ya 1966, huwasha silinda kwa mpangilio wa 1-3-2-4. Silinda 1 na 3 ziko upande mmoja, 2 na 4 upande wa pili, kwa hiyo moshi hutoka mara mbili upande huu, kisha mara mbili ule. Kwenye Impreza hiyo ya zamani mabomba ya manifoldi (yanayokusanya moshi kutoka kwenye silinda) hayalingani urefu, ndiyo maana mlio unadunda. Legacy ya 2003 ya Japani imewekewa yanayolingana.

Ukiutaka mlio huo, kukata silensa ni kelele tu, usidanganywe na fundi. Kama yako ina turbo ya njia mbili (twin-scroll, inayopokea moshi kwa njia mbili tofauti), manifoldi ya Impreza ya zamani haitakaa bila kubadili na turbo yenyewe.

Ila mdundo ukianza ghafla, angalia kwanza plagi na koili, halafu gasketi ya manifoldi: masizi meusi kwenye kiungio maana yake inavuja.

Na ndiyo, zile nyota za nembo ni Kilimia, lile kundi la nyota.