UPS nne kwenye mtandao mmoja: kwa nini seva zinajizima betri ikiwa bado imejaa?

Swali: Nina UPS nne (vifaa vyenye betri vinavyoendelea kutoa umeme ukikatika) zinazolinda seva tano. Mbili nimeziunganisha kwa USB kwenye seva moja, na mbili zina kadi ya mtandao. Zote nazisimamia kwa programu ya Network UPS Tools kutoka kwenye seva hiyo hiyo, ambayo ndiyo seva kiongozi. Umeme ukikatika, seva tatu zinazopokea taarifa kupitia mtandao hujizima ndani ya dakika mbili ilhali betri zinaonyesha zaidi ya asilimia 80. Ile kubwa yenye pawasaplai mbili (vifaa vya ndani vinavyoipa seva umeme), kila moja kwenye UPS yake, nayo hujizima UPS moja tu inapoishiwa chaji. Isitoshe, nikiwasha upya seva kiongozi, majina ya zile UPS mbili za USB wakati mwingine hubadilishana. Je, niziache zote ninunue moja kubwa?

Jibu: Usinunue chochote bado. Nenda kwanza ukaangalie swichi ya mtandao (kifaa kinachounganisha seva zako) imechomekwa wapi. Nina hakika kubwa kwamba iko kwenye UPS ndogo yenye betri iliyochoka.

Sababu ni hii. Kila seva ina upsmon, sehemu ya Network UPS Tools inayofuatilia UPS, ambayo kwa mpangilio wa kawaida huuliza hali ya UPS kila sekunde 5. Isipopata jibu kwa sekunde 15 (mpangilio huo huitwa DEADTIME), huihesabu UPS hiyo kuwa imepotea. Kama habari ya mwisho iliyoipata ilisema UPS iko kwenye betri, upsmon huchukulia kwamba betri imekwisha na kuanza kuizima seva. Kwako, umeme unakatika, seva zinaambiwa tuko kwenye betri, kisha swichi inakufa baada ya muda mfupi. Seva zinabaki gizani, nazo zinafanya kama zilivyofundishwa. Uamuzi huo ni sahihi kabisa: seva isiyojua betri imebaki kiasi gani ni heri izime kwa utaratibu.

Swichi ingekuwa imechomekwa ukutani moja kwa moja, hali ingekuwa mbaya zaidi. Ingezimika papo hapo, seva zisingepata hata ile habari ya kwanza kwamba umeme umekatika, na zingeendelea na kazi hadi betri iishe ghafla, data ikiwa bado inaandikwa. Kwa hiyo swichi, pamoja na kifaa chochote kilicho kati ya seva kiongozi na nyingine, ikae kwenye UPS inayodumu muda mrefu kuliko zote. Swichi hula umeme kidogo sana ikilinganishwa na seva, hivyo hutaumia.

Kuhusu seva kubwa, fungua faili la mipangilio ya upsmon, yaani upsmon.conf. Kila mstari wa MONITOR una namba inayosema UPS hiyo inalisha pawasaplai ngapi za seva hiyo. MINSUPPLIES nayo inasema ni pawasaplai ngapi lazima ziwe na umeme ili seva iendelee kufanya kazi. Unatakiwa kuwa na mistari miwili ya MONITOR, kila mmoja ukiwa na namba 1, na MINSUPPLIES iwe 1. Ukikuta 2, au ukikuta mstari mmoja tu, umepata tatizo lako. Ukitaka seva ifuatilie UPS isiyoilisha, kwa mfano ile ya swichi, iandikie 0: utapata taarifa zake bila seva kuzimwa kwa ajili yake.

Hapa kuna jambo ambalo wengi hulisahau, na naomba ulipime kabla ya kubadilisha namba hizo. Pawasaplai mbili kwa kawaida hugawana mzigo. UPS moja ikiisha, mzigo wote wa seva huhamia kwa ya pili kwa mara moja. Kama kila UPS inaweza kubeba wati 1,000 na sasa kila moja imebeba 700, ya pili itajikuta na hadi 1,400, itazidiwa na kukata, na seva itaanguka bila onyo lolote. Jumla ya mizigo ya UPS zote mbili lazima iingie kwenye moja peke yake, tena ibaki nafasi.

Majina kubadilishana ni jambo dogo. UPS mbili za modeli moja zinafanana machoni pa draiva (programu inayozungumza na UPS), kwa hiyo katika ups.conf, faili la mipangilio ya UPS zenyewe, iandikie kila moja namba yake ya mfululizo kwa neno serial. Namba hiyo utaiona kwa amri ya upsc.

Usalama: poti ya 3493, ambayo Network UPS Tools huitumia kwenye mtandao, isionekane kutoka nje, na kadi za mtandao zisibaki na nenosiri la kiwandani.

Kisha angalia muda wa kuzima. Seva kiongozi husubiri nyingine zijiondoe kwake, kwa kawaida hadi sekunde 15 (HOSTSYNC), halafu hujizima na kuiamuru UPS ikate umeme. Lakini seva hujiondoa inapoanza kuzima, si inapomaliza. Yenye hifadhidata nzito inaweza kuhitaji dakika 3. Ongeza FINALDELAY (muda wa kusubiri kabla ya kujizima) kwenye seva kiongozi, ambao kwa kawaida ni sekunde 5 tu, hadi ipite muda wa seva yako ya polepole kuliko zote. Hakikisha pia onyo la betri ndogo linatoka mapema vya kutosha kwa kazi hiyo yote.

Ukimaliza, chagua saa ambayo hakuna anayetumia mfumo, weka nakala rudufu, kisha chomoa plagi ya UPS moja ukutani na uiache hadi betri iishe. Rudia kwa kila moja, na mwisho zote nne pamoja. Tazama rekodi za upsmon kwenye kila seva: ni nani alizima, saa ngapi, na kwa amri ya UPS ipi.