Pasheni imelegea na ndoo haisaidii

SWALI: Habari za kazi, wataalamu wetu. Wiki tatu zilizopita nilipanda miche mitano ya pasheni ya zambarau, ile ya kubebeshwa juu ya shina la pasheni ya njano, hapa kwangu mlimani katikati ya mawe. Kila shimo nililiweka mbolea ya kuku, na namwagilia ndoo nzima asubuhi na jioni. Mitatu inatambaa vizuri. Miwili imelegea tangu juzi, nikizidisha maji ndiyo kwanza inazidi. Niing'oe?
Mama Wawili, Bugarika, Mwanza

JIBU: Usiing'oe bado, Mama Wawili, ila hiyo ndoo ipumzike kuanzia leo. Mche wenye kiu na mche uliozama maji hulegea kwa namna moja. Uliozama, mizizi yake imekosa hewa na inaoza, hivyo haiwezi kupandisha maji hata kama udongo umejaa. Ukiongeza maji, unaongeza kuoza.

Nenda kautazame saa kumi na mbili asubuhi. Ukilegea saa nane mchana na kukuta umesimama alfajiri, umezidiwa na jua tu. Jabali lililochomwa mchana kutwa huendelea kutoa joto hata baada ya magharibi. Ukiukuta alfajiri bado umelegea, tatizo liko chini. Chomeka kidole udongoni kama sentimita 5. Ukitoka na tope lenye harufu ya uvundo, jibu umelipata: kwenye milima yetu chini ya shimo mara nyingi kuna mwamba, na shimo linageuka beseni. Kisha kwangua gamba la shina kidogo kwa ukucha, karibu na ardhi. Rangi ya kijani yenye majimaji maana yake shina ni zima. Likiwa la kahawia na laini kulizunguka shina lote, mche huo haurudi.

Mbolea ya kuku nayo tunaishuku sana. Ikiwa mbichi huunguza mizizi, na kingo za majani hukauka kama zilizopitiwa na moto. Hukaa lunduni miezi miwili au mitatu, ikigeuzwa, hadi iishe joto na harufu, ndipo inakwenda shimoni.

Sasa tiba. Jioni, fukua taratibu ukianzia sentimita 15 kutoka shinani, utoe mabonge ya mbolea. Kama maji yametuama, chimba mfereji upande wa mteremko, wenye kina kupita shimo. Mwamba ukizuia, nyanyua mche na bonge lake lote la udongo, uuhamishie kwenye tuta la kimo cha sentimita 30. Pale ulipobebeshwa, yaani kwenye kiungo, pabaki juu ya udongo, sentimita 10 au zaidi. Hapo ndipo wengi wanapokosea: shina la zambarau likifukiwa huota mizizi yake lenyewe, na ugonjwa wa mnyauko ambao shina la chini lingeuzuia unapata mlango.

Halafu kata sehemu zilizonyauka hadi kwenye kifundo chenye jicho hai, ukiacha vifundo viwili au vitatu juu ya kiungo. Inauma kukata mche mdogo, lakini majani machache hupoteza maji machache. Futa kisu kwa spiriti kabla ya kugusa mche mwingine. Chipukizi lolote linalotokea chini ya kiungo liondoe. Hilo ni la pasheni ya njano, utalitambua kwa wekundu kwenye shina na vikono vyake, na likiachwa litaimeza ile uliyoinunua.

Simika kiroba cha kutia kivuli upande wa machweo siku 7 hadi 10. Maji lita 3 hadi 5, asubuhi, na ni pale tu kidole kikikuta udongo umekauka. Mbolea ya dukani isubiri majani mapya matatu yakunjuke, kisha kizibo kimoja cha soda cha CAN (mbolea ya kukuzia yenye naitrojeni), sentimita 20 kutoka shinani, udongo ukiwa na unyevu.

Ipe wiki tatu. Ukikwangua tena na kukuta kahawia hadi kwenye kiungo, ng'oa, kisha pasua shina kwa urefu. Michirizi ya kahawia ndani ya mti ni mnyauko wa fuzari: hauna dawa ya kuponya, na kuvu wake hukaa udongoni miaka mingi. Choma mche, na shimo hilo lipandwe kitu kingine, si pasheni.

SWALI: Je, magugu maji ya ziwani yanafaa kufunika udongo wa pasheni?
Msomaji, Nansio, Ukerewe

JIBU: Yanafaa yakiwa makavu kabisa. Yaanike juu ya mawe hadi yavunjike mkononi, kisha tandaza unene wa sentimita 5 hadi 8, ukiacha upana wa kiganja kulizunguka shina. Yakirundikwa mabichi hushika unyevu shinani na kuliozesha. Na usimpelekee jirani mwenye bwawa la samaki. Mbegu zake zikifika majini zitaota.