Chanjo Ilisingiziwa: Maziwa Yaliyokatika Baada ya Ng'ombe Kuchanjwa

Ninafuga ng'ombe wachache wa maziwa Kibamba, pembezoni mwa Dar es Salaam, na hasara iliyonifunza zaidi ilianza siku mbili baada ya kuwachanja dhidi ya ugonjwa wa miguu na midomo. Maziwa yalipungua, kisha ya ng'ombe mmoja yakakatika sufuriani kwa mteja, nami nikamlaumu mchanjaji mbele ya majirani.

Nilimkosea. Chanjo ile hutengenezwa kwa virusi vilivyouawa, na ingawa yaweza kuleta homa, uvimbe palipochomwa sindano na upungufu wa maziwa wa siku chache, haitii mabonge katika maziwa. Mtaalamu wa mifugo alipokamulia michirizi ya kwanza juu ya kitambaa cheusi, chuchu moja ilitoa chembe kama za mtindi. Ulikuwa ugonjwa wa kiwele, na alinionyesha njia yake: tambara moja nililofutia viwele vyote, ambalo kwa kulifua kila jioni nilijiona msafi kupindukia.

Sasa kila ng'ombe ana kitambaa chake, chuchu hukaushwa kabla ya kukamua na kuchovywa katika dawa ya iodini baadaye, mgonjwa hukamuliwa mwisho, na maziwa yake hayauzwi mpaka ziishe siku zilizoandikwa kwenye chupa ya antibiotiki. Madumu ya plastiki yenye shingo nyembamba, ambayo mkono hauingii kuyasugua, nimeyaacha kabisa.

Chanjo inayostahili tahadhari kubwa ni ya brusela, ugonjwa wa bakteria unaowatupisha ng'ombe mimba na kuambukiza watu pia, aina ya chanjo iitwayo S19, kwa kuwa ina bakteria hai waliodhoofishwa. Hupewa ndama jike, kwa kawaida wa miezi 3 hadi 6, kwani ng'ombe mwenye mimba anaweza kuitupa, na mchanjaji akijichoma kwa bahati mbaya anaweza kuugua. Chanjo hizi zote huhifadhiwa kati ya nyuzijoto 2 na 8, hivyo anayekuja na chupa mfukoni katika joto letu hili mrudishe alikotoka, hata kama ni shemeji yako.

Kwa kuwa brusela hupitia pia katika maziwa mabichi, mteja anayetaka kugandisha namsihi ayachemshe kwanza, ayapoze, ndipo atie kijiko cha mtindi wa jana. Wapo wanaonung'unika kwamba mtindi huo hauna utamu wa nyumbani. Mimi naunywa kila asubuhi.