Kiti cha mjumbe huhesabiwa mara mbili kwa siku: ushauri kwa wanaoanza NationStates

Wageni wengi wanaoingia NationStates, mchezo wa mtandaoni wa kuendesha taifa, wakiwa na hamu ya kutunga sheria huuliza kwanza: uchaguzi ni lini? Wanatafuta tarehe, wanatafuta kipindi cha kampeni. Kwa upande wa mchezo wenyewe, tarehe hiyo haipo. Mjumbe wa eneo, yaani mwakilishi wa kundi la mataifa, mwenye kura nzito kuliko wote kwenye Baraza la Dunia (World Assembly, chombo cha mchezo kinachotunga sheria za kimataifa), huhesabiwa upya mara mbili kila siku. Ukilielewa hilo mapema, mengine yote yatakuwa mepesi.

Mchezo huu ulianzishwa na Max Barry wa Australia mwaka 2002. Unaunda taifa lako, taifa linakaa ndani ya eneo pamoja na mataifa ya wachezaji wengine, na kila siku unaamua masuala ya utawala. Ni bure, na karibu wote ni maandishi, hivyo simu ya kawaida na bando dogo vinakutosha. Ukitaka kushiriki kutunga sheria za kimataifa, unaomba kujiunga na Baraza la Dunia. Zamani liliitwa Umoja wa Mataifa, hadi Umoja wa Mataifa wenyewe ulipolalamika mwaka 2008 na jina likabadilishwa. Unaruhusiwa kuwa na mataifa mengi, lakini moja tu ndilo liwe mwanachama wa Baraza. Nawasihi, msijaribu kuingiza mawili. Wasimamizi hufuatilia, na ukibainika unatolewa. Kubwa zaidi ni kwamba uchaguzi wote unasimama juu ya kanuni hiyo ya mtu mmoja, mwanachama mmoja.

Kura yenyewe inapigwa hivi. Unafungua ukurasa wa taifa la mwenzako, unabonyeza kitufe cha kumuunga mkono. Sharti ni kwamba wote wawili muwe wanachama wa Baraza na muwe ndani ya eneo moja. Hakuna kikomo cha watu unaoweza kuwaunga mkono. Unaweza kuwapa wote. Mwenye waungaji wengi kuliko wengine ndiye mjumbe. Hesabu hufanyika mchezo unapojisasisha, kuanzia saa sita usiku na saa sita mchana kwa saa za mashariki mwa Marekani. Kwa sisi wa Dar es Salaam, Nairobi au Kampala hiyo ni saa moja asubuhi na saa moja jioni, na Wamarekani wanaporudisha saa zao nyuma inakuwa saa mbili. Saa hizo zishikeni kichwani, kwa sababu wavamizi, wachezaji wanaoteka maeneo ya wengine, nao wanazijua. Kundi la wavamizi huhamia eneo dakika chache kabla ya hesabu, wanamuunga mkono mtu wao mmoja, na hesabu ikipita tayari ni mjumbe. Eneo dogo ambalo mjumbe wake ana waungaji wanne linaweza kuchukuliwa wakati wenyeji wanakunywa chai ya asubuhi.

Kwa nini watu wanahangaikia kiti hiki? Angalia uzito wake. Mwanachama wa kawaida ana kura moja kwenye azimio. Mjumbe ana kura yake pamoja na moja kwa kila anayemuunga mkono. Mwenye waungaji 400 anaangusha kura 401 kwa kubonyeza mara moja, na wale 400 bado kila mmoja anabaki na kura yake. Azimio hupigiwa kura kwa siku nne, na wajumbe wakubwa wakipiga siku ya kwanza, wengi wasio na msimamo hufuata upande unaoongoza. Kwa hiyo anayetaka muswada wake upite hutafuta wajumbe kwanza, wanachama wa kawaida baadaye.

Sasa kazi ya kupata waungaji. Hapa ndipo wageni wengi hupoteza nguvu, wakiandika ilani ndefu ambayo hakuna anayeisoma. Kinachofanya kazi ni kuanza kutoa. Pita kwenye orodha ya wanachama wa Baraza walio katika eneo lako, muunge mkono kila mmoja, kisha umwandikie telegramu fupi, yaani ujumbe wa ndani ya mchezo. Nyingi huandikwa kwa Kiingereza maana ndiyo lugha ya wengi humo, lakini mwendo wake uwe hivi: "Habari. Nimekuunga mkono leo asubuhi. Ukipata nafasi, naomba nawe uniunge mkono. Nimeona umejiunga juzi. Ukikwama popote niulize." Sentensi hiyo ya mwisho ndiyo yenye thamani, mradi usiwe mwongo. Mgeni aliyejibiwa swali lake la kwanza atakukumbuka, na mara nyingi yeye ndiye atakayekuwa mjumbe mwenzio baadaye.

Lakini uliza kwanza. Maeneo makubwa, hasa yale yenye neno Pacific katika majina yao, ambako mataifa mapya huzaliwa, huwekea watu ukomo wa waungaji ili mtu asimkaribie mjumbe kimyakimya. Ukiuvuka, unaonekana tishio hata kama nia yako ni njema, na mjumbe ana uwezo wa kukutoa na kukupiga marufuku. Soma sheria za eneo siku ya kwanza, umwandikie ofisa wa eneo, umweleze unachotaka kufanya.

Jambo jingine ambalo halisemwi vya kutosha: waungaji huyeyuka. Taifa lisilofunguliwa kwa siku 28 hufutika, isipokuwa mwenyewe ameweka hali ya likizo, ambayo humpa siku 60. Likifutika, mkono wake umekwenda nalo. Akihama eneo, umekwenda. Akijitoa kwenye Baraza, umekwenda. Na wewe mwenyewe ukitoka eneo hata kwa muda mfupi tu, unarudi kwenye sifuri. Nimeona wajumbe wazuri sana, waliopendwa kweli, wakipungukiwa wiki baada ya wiki bila kugombana na mtu yeyote. Waliacha tu kuwaandikia wageni. Tengeni siku moja kwa wiki kwa kazi hiyo. Haina heshima kubwa machoni pa watu, lakini ndiyo inayoweka kiti.

Juu ya mashine hii wachezaji wamejenga siasa zao wenyewe, na hapa ndipo utakutana na uchaguzi wenye tarehe. Eneo la Europeia lina Seneti ya kuchaguliwa, yenye wagombea, kampeni na muhula. Eneo la The North Pacific lina bunge ambalo raia wote hukaa humo baada ya kuomba na kula kiapo. Kila eneo na katiba yake. Ukitaka kugombea, tazama hasa siku ya mwisho ya kujiandikisha, maana wengi hukosa kura kwa kuomba uraia wakati kampeni imeshaanza.

Tofauti hii ishike vizuri: mchezo wenyewe hauzijui katiba hizo. Unajua waungaji tu. Eneo likichagua mjumbe mpya kwa kura za kikatiba, mashine haimkabidhi kitu. Mjumbe anayeondoka lazima awaombe watu wamwondolee mikono, mshindi naye atembee nyumba kwa nyumba kuomba, na katika eneo kubwa hilo huchukua siku nyingi. Katikati hapo eneo liko wazi. Anayeondoka akikataa kuachia, hayo ni mapinduzi, kama ilivyo kwa anayenyakua kiti kwa kumpita mjumbe kwa waungaji: mwaka 2003 mchezaji Francos Spain alishika hivyo eneo la The Pacific, na utawala uliofuata ukaandika historia ya mchezo mzima. Kwa hiyo unapopima mgombea, acha kidogo hotuba yake. Uliza kama alishawahi kuachia madaraka, na aliyaachiaje.

Ukishapata kiti, kazi ya sheria inaanza. Muswada huwasilishwa na mwanachama mwenye waungaji wasiopungua wawili, kisha unahitaji kuidhinishwa na asilimia 6 ya wajumbe wote ili upelekwe kwenye kura. Utapokea telegramu nyingi za kuomba idhini hiyo. Msiidhinishe kwa kichwa cha habari. Azimio likishapita haliwezi kurekebishwa hata neno moja. Njia pekee ni kulifuta lote kwa azimio jingine, halafu kuandika upya. Kifungu kimoja kilicholegea kinaweza kukaa miaka kwa sababu tu hakuna aliyepata nguvu ya kukusanya wajumbe mara mbili. Someni hasa vifungu vya tafsiri ya maneno vilivyo mwanzoni, maana huko ndiko mitego hufichwa.

Na kabla ya kupiga kura, waulizeni watu wa eneo lenu, hata kwa siku mbili tu kati ya zile nne. Ukipiga tofauti na walivyotaka wengi, waandikie sababu siku hiyohiyo, kabla ya saa moja jioni.