Maswali na Majibu: OPT na Siku Ambazo Hakuna Atakayekuhesabia

Barua za safari hii zimetoka kwa wahitimu wa vyuo vya Marekani wenye viza ya wanafunzi ya F-1, hasa wa sayansi, teknolojia, uhandisi na hisabati, ambao baada ya OPT (ruhusa ya kufanya kazi inayohusiana na masomo) ya miezi 12 wanaweza kuongezewa miezi 24 ya kufanya kazi. Wanaoendelea kuuliza OPT ni kitu gani wamwendee afisa wa wanafunzi wa kigeni chuoni kwao, kwa kuwa hiyo ndiyo kazi yake.

Kibali changu kilianza 1 Julai na bado natafuta kazi. Je, Jumamosi na Jumapili zimo katika zile siku 90 zinazoruhusiwa kukaa bila kazi? (Mhitimu wa kompyuta, Texas)

Zimo, pamoja na sikukuu na siku ulizolala ukiumwa. Hesabu huanza tarehe ya kuanza iliyoandikwa kwenye kadi ya kibali cha kazi, wala si siku kadi ilipokufikia, hivyo siku yako ya 90 ni 28 Septemba. Kijana mmoja aliwahi kuketi jikoni kwangu tukahesabu pamoja kwenye kalenda ya ukutani, kwa kalamu nyekundu. Alidhani amebakiwa na wiki tatu, kumbe zilibaki siku nne, kwa sababu alianza kuhesabu siku alipofungua bahasha.

Kinachosimamisha hesabu ni kazi inayohusiana na ulichosomea, ya saa zisizopungua 20 kwa wiki. Katika miezi 12 ya kwanza hata kazi ya kujitolea inakubalika, ilimradi haivunji sheria za kazi. Ukishaingia kwenye nyongeza, lazima ulipwe. Ukipata kazi, iingize kwenye mfumo wa mtandaoni wa SEVP (ofisi ya serikali inayofuatilia wanafunzi wa kigeni) ndani ya siku 10, maana wapo walioajiriwa kihalali ambao mfumo uliendelea kuwahesabu kuwa hawana kazi kwa sababu tu hawakujaza ukurasa mmoja. Nyongeza ikikubaliwa utapata siku nyingine 60, yaani 150 kwa kipindi chote.

Naweza kuanza kazi wakati ombi langu la kwanza bado linashughulikiwa?

Hapana, hata kwa siku moja. Nimelijibu swali hili mara nyingi mno, na jibu halijabadilika.

Rafiki yangu alisoma uchumi chuo kingine akapata nyongeza. Mimi nimesoma uchumi pia na chuo changu kimeninyima. Kwa nini?

Chuo hakikukunyima. Kinachoamua ni namba ya programu iliyoandikwa kwenye I-20, cheti unachopewa na chuo kwa ajili ya viza, si jina la shahada. Uchumi wa jumla, 45.0601, haumo kwenye orodha ya serikali ya masomo yanayopata nyongeza. Uchumi wa kitakwimu, 45.0603, umo. Kama una shahada nyingine ya sayansi uliyoipata hapo awali Marekani, ndani ya miaka 10 iliyopita, katika chuo chenye ithibati, unaweza kuitegemea hiyo, mradi kazi yako iendane nayo. Nawasihi mnaojiandaa kwenda: ulizeni namba hiyo kabla ya kulipa ada.

Kampuni iliyonitafuta WhatsApp inasema nikilipa dola 500 itaniandikia barua ya kazi ili siku zangu zisiishe, kisha itanitafutia kazi ya kweli. Nikubali?

Usitoe hata senti. Barua ya kazi isiyo na kazi ni uongo mbele ya serikali, na rekodi itakayouhifadhi ni yako. Anayekuuzia atabadilisha namba ya simu kesho, ilhali wewe, ukibainika kuwa ulidanganya ili upate haki ya uhamiaji, unaweza kuzuiwa kuingia Marekani maisha yako yote isipokuwa upate msamaha maalumu. Mambo haya huibuka miaka mingi baadaye, mtu anapoomba H-1B (viza ya kazi ya wataalamu) au ukaazi wa kudumu, wakati ana mke au mume, watoto na nyumba ya mkopo.

Kwenye nyongeza udanganyifu huu ni mgumu zaidi, kwa kuwa mwajiri lazima awe amesajiliwa E-Verify (mfumo wa serikali wa kuthibitisha ruhusa ya kazi) na asaini fomu I-983 inayoeleza utafundishwa nini, na nani, kwa mshahara gani. Maafisa wanaweza kufika kazini kukagua, kwa kawaida baada ya taarifa ya saa 48, nao watataka kuona unapokaa na kuzungumza na msimamizi wako. Wewe uliye kwenye miezi 12 ya kwanza, saa 20 za kujitolea katika maabara ya profesa wako ni njia halali na haina gharama. Nawaomba pia wazee wa jumuiya zetu, mnaowapokea vijana hawa misikitini na makanisani: msiwaelekeze kwa mawakala wa aina hii.

Mwajiri ananikata Social Security (pensheni) na Medicare (bima ya afya ya uzeeni). Ni sahihi? (Mhandisi kutoka Eldoret, mwaka wa tatu Marekani)

Si sahihi. Mwenye F-1 kwa kawaida hasamehewi kodi ya mapato, lakini makato hayo mawili, jumla 7.65%, hayamhusu katika miaka mitano ya kwanza ya kalenda. Mwombe mwajiri akurudishie kwanza; akikataa, peleka fomu 843 na 8316 kwa IRS, mamlaka ya kodi.

Kadi yangu inaisha Ijumaa ijayo, na bosi anasema atasaini I-983 akipata nafasi. Nifanye nini?

Ungeweza kuanza siku 90 kabla, na inaniuma kwamba hukuanza. Ombi la nyongeza, fomu I-765, lazima lifike USCIS (idara ya uhamiaji) kabla kadi haijaisha. Likipokelewa kwa wakati, utaendelea kufanya kazi hadi siku 180 ukisubiri jibu. Likichelewa, ruhusa ya kufanya kazi inaisha Ijumaa hiyo. Leo hii chapisha fomu, jaza sehemu zako zote, ipeleke hadi mezani kwa bosi na usiondoke bila saini. Kisha mfikishie afisa wa chuo, na siku atakayokupa I-20 mpya, tuma ombi lako mtandaoni jioni hiyohiyo.