Nimemsikia kwa masikio yangu

*Shangazi, shikamoo. Nina miaka 34, naishi Tanga, nina watoto wawili. Mume wangu ni dereva wa lori. Hii wiki ya tatu, simu ikiita anatoka uani. Akiwa ndani anaificha, anailaza kifudifudi. Juzi naosha vyombo nikamsikia kwa masikio yangu: "Nitamtumia kesho, maskini, analia kila siku. Nyumbani sijasema bado." Shangazi, ana mwanamke, na amekusudia nisijue. Baba yangu alitufanyia hivyo hivyo, mke wake wa pili tulimjua matangani. Shoga yangu anasema nimpekue simu usiku. Sili, silali. Nifanyeje? – Mama wa wawili*

Marahaba, mwanangu. Pole sana. Barua yako nimeisoma mara tatu, na mara ya tatu nilishika kalamu, nikapiga mstari chini ya yale uliyoyaona na kuyasikia tu. Mistari ni michache. Simu iliita, akatoka uani. Simu ililala kifudifudi. Na yale maneno aliyoyasema. Basi. "Anaificha" ni neno lako. "Amekusudia nisijue" ni lako. "Ana mwanamke" ni lako pia.

Hebu tumsikilize taratibu. "Nitamtumia." Huyo -m- ni nani? Kiswahili chetu hapo hakitenganishi mwanamke na mwanamume, mtoto na mzee. Anaweza kuwa mama mkwe wako, mdogo wake, utingo aliyeumia njiani, mtoto wa dereva mwenzake aliyefariki. Anaweza pia kuwa mwanamke, sikatai. Ila lugha iliacha kiti wazi, nawe ukamkalisha mwanamke kabla hata maneno hayajaisha.

Na kwa nini mwanamke? Umeandika mwenyewe: baba yako. Binti aliyemjua mama mwingine kwenye matanga ya baba yake hawezi kuisikia "nyumbani sijasema" kama ninavyoisikia mimi. Woga wako una chimbuko, wala sikuambii uutupe. Lakini huo woga uliupata kwa mwanamume mmoja, na leo unamhukumia mwingine.

Halafu tazama hili, maana ndilo lililonishtua zaidi. Yeye amesema "sijasema bado". Wewe umeandika "amekusudia nisijue". Mtu akikuambia "sijala", unamtengea chakula; akisema "sili", unaondoa sahani. Ile -ja- ndogo ya mume wako imeacha mlango wazi, nawe kwa uchungu umeufunga. Huenda anatafuta namna ya kukuambia. Huenda anaahirisha kwa kuwa ni jambo la hela, na hela ndani ya nyumba huleta maneno.

Usidhani haya yanakupata peke yako. Mwaka 1974 huko Marekani, mwanasaikolojia Elizabeth Loftus na mwenzake John Palmer waliwaonyesha wanafunzi filamu za ajali za magari, kisha wakawauliza magari yalikuwa na mwendo gani. Waliosikia swali lenye neno kali, kama kusema "yalipopondana", walitaja wastani wa karibu maili 41 kwa saa. Walioulizwa kwa neno laini, "yalipogusana", walitaja karibu maili 32. Filamu zile zile. Katika jaribio jingine, baada ya filamu na swali kama lile, waliwasubirisha watu wiki moja, wakawauliza kama waliona vioo vilivyovunjika. Kwenye filamu hiyo havikuwapo. Walioulizwa kwa neno la kupondana, 16 kati ya 50 walisema waliviona. Kwa neno la kugongana, 7 kati ya 50. Hawakuwa waongo. Neno walilopewa lilikwenda kukaa machoni mwao. Ndiyo maana naliogopa hilo "anaificha" lako. Endelea kulirudia kwa shoga yako, na mwezi ujao utaapa kwamba ulimwona akiipenyeza simu chini ya mto.

Najua umejiambia: wenye michepuko hutoka nje kupokea simu, wangu anatoka nje, kwa hiyo anao. Inasikika kama hesabu, lakini haitoki. Mwenye malaria hupata homa, ila si kila mwenye homa ana malaria. Zamani kila mwili ukichemka tulimeza dawa ya malaria. Tangu 2010 Shirika la Afya Duniani limetaka kila anayeshukiwa apimwe kwanza, ndipo apewe dawa mseto. Wewe umeshika homa, na unataka kumeza dawa bila kipimo.

Kumpekua simu si kipimo. Usiku, na moyo ulio hivyo, hata ujumbe wa "umefika salama?" utakutosha kuwa ushahidi. Na usipokuta kitu utasema amefuta. Angalia hapo: hakuna kitakachoonekana kwenye simu hiyo kikamsafisha. Shoga yako anakupenda, lakini katika hili amekupeleka kubaya.

Kwanza ule, mwanangu, ulale japo usiku mmoja. Kisha akishapata chakula, watoto wakiwa wamelala, mwambie ulichosikia, usiongeze hata neno: "Mume wangu, juzi nikiosha vyombo nilikusikia ukisema, 'Nitamtumia kesho, maskini, analia kila siku.' Tangu hapo sijapata usingizi. Ni nani anayelia?" Halafu nyamaza. Umwache amalize, hata akikawia kuanza.

Ikiwa ni lile unaloliogopa, niandikie siku hiyo hiyo. Hilo lina wazee wake na taratibu zake, na nitakuwa upande wako. Na hata ikiwa silo, msimulie ile siku ya matanga ya baba yako, kama hajawahi kuisikia kinywani mwako.