Kitanda cha mama mkwe hakipiti mlangoni

Barua ya leo imetoka Tukuyu, kwa dada aliyejiita Mama Watatu. Naifupisha maana kanijazia kurasa. Yeye na mumewe wamekaa miaka 12 kwenye nyumba ya wazazi wa mume, huku wanajenga Uyole kidogokidogo tangu 2015, mwaka huu bati, mwaka ule madirisha, mwaka mwingine hakuna kitu kabisa ada imemeza. Sasa nyumba imekubali, Desemba shule zikifungwa wanahama, na hiyo ya Tukuyu wanapangisha walimu. Shida ni kwamba yeye anapaki mume anapakua. Akifunga boksi jioni, asubuhi anakuta limefunguliwa, vitu vya marehemu mama mkwe vimerudi vilipokuwa. Wifi naye kapiga simu toka Kyela, eti "ulikuwa unasubiri mama afe umtupie vyombo nje". Dada anauliza, "Shangazi, nikodi kirikuu nitangulie na watoto na vitu vyangu, yeye abaki na makorokoro yake?"

Mdogo wangu, kwanza hongera, kujenga kwa mshahara wa mmoja na kibanda cha mitumba sio mchezo. Alafu pole. Alafu hapana, usitangulie. Ukipandisha godoro lako kwenye kirikuu mtaa mzima unaangalia, hapo sio umehama, hapo umeachika, na habari itafika Kyela kabla wewe hujafika Kiwira.

Barua yako nimeisoma mara mbili. Umeniandikia maboksi, viroba, yale mabegi ya shangazi kaja (asante kwa kunikumbuka), kabati la vyombo, mpaka idadi ya sufuria. Alafu mwishoni huko, kama kitu ambacho umekikumbuka ukiwa unafunga bahasha, ukasema juzi usiku umeme umekatika ukamkuta mumeo chumbani kwa mamake amekaa kwenye kile kitanda cha mninga, tochi ya simu inawaka, hafanyi chochote. Ukarudi kulala. Mwenzio mimi niliposoma hapo nikaona barua yote ilitakiwa ianzie hapo.

Huyo mtu hajakataa Uyole. Uyole kajenga mwenyewe, kila wikiendi alikuwa anapanda gari kwenda kumwagilia zege. Ila mamake amefariki Machi, msiba ukaisha, watu wakaondoka, na yeye akaendelea kuishi na vitu vya mamake kama vile mama kaenda sokoni. Sasa wewe ukikunja khanga ya mama ukaitia kwenye kiroba, ndo anazika mara ya pili, na hii mara hana hata watu wa kumshika mkono. Sikulaumu, ungejuaje, wanaume wetu hawasemi.

Na mimi sina mdomo wa kukusema maana nililikoroga zaidi yako. Tulivohama Iringa kuja Mbeya, tulikuwa tunakaa Kihesa, nikakuta gunia la makaratasi stoo, panya wameshaanza kula, nikalipeleka uani nikalitia kiberiti. Kumbe ndani mlikuwa na barua ambazo baba mkwe alikuwa anamwandikia mume wangu yuko bweni. Mume karudi hakunigombeza, hata sauti hakupandisha, alichukua kijiti akachuchumaa akawa anachokoa majivu, anakuta kakona kamebaki na maneno mawili anakaweka pembeni. Mpaka leo nikiuliza funguo iko wapi ananijibu labda uliichoma.

Kwaiyo usitupe kitu usiku, usigawe kitu yeye akiwa kazini. Chumba cha mama mmekiacha cha mwisho kwa kukiogopa, mimi nasema kianzeni. Jumamosi moja kabla shule hazijafunga, mumeo (sio wewe, narudia, sio wewe) ampigie dadake aje. Pika ndizi na nyama vizuri, watoto wawepo, mfungue chumba wote pamoja. Vya kwenda Uyole, vya wifi, vya majirani na wamama wa kanisani. Acha wao wawili waamue, wewe uwe mtu wa kushika kamba. Watacheka, watalia, watagombania kitu cha ajabu. Vile vyungu vya mama utaona, wifi anakaa Kyela, Wakisi wa Ikombe wanafinyanga hapo karibu yake, chungu kipya hawezi kukosa, lakini atataka kilekile chenye ufa. Mpe. Na vitakavyokwenda Uyole msihangaike na magazeti, jazeni majani makavu ya mgomba ndani na katikati, yapo bure hapo nyuma ya nyumba.

Hayo mengine ni madogo. Uhamisho wa watoto fuatilia sasaivi kabla mwalimu mkuu hajaenda likizo. Vyeti vya kuzaliwa, kadi za kliniki na karatasi za kiwanja vikae kwenye mkoba wako begani, sio kwenye boksi. Kirikuu haitoshi, tafuteni Kanta na turubai zima lisilo na matundu, maana mvua ya huko Tukuyu unaijua haina saa, na magodoro yakilowa pale Isongole kwenye ukungu yatakauka Pasaka. Ondokeni asubuhi. Mkifika, nendeni kwa balozi wa nyumba kumi mkajitambulishe kabla hajaja yeye kuuliza.

Sasa kitanda. Umesema fundi alikiundia humohumo chumbani mwaka ambao baba mkwe alikuwa hai, hakipiti mlangoni, na mumeo ameanza kuongelea kubomoa fremu ya mlango. Asibomoe, walimu wanaingia Januari. Mtafuteni seremala mzee, sio hawa vijana wa misumari, kitanda cha zamani kile kina ulimi na tundu, kikigongwa taratibu kwa nyundo ya mbao kinaachia chenyewe. Kila kipande kiandikwe namba kwa chaki. Mumeo awepo, na hiyo nyundo ashike yeye.